Farasi Mmoja, Milango Miwili

Mji wa Amu ulikuwa na punda wasio idadi na farasi mmoja tu, na farasi huyo mmoja alikuwa wa mume wangu. Ukishalijua hilo, umeshajua kilichonikondesha miaka ile.

Mwanamume mwenye wake wawili na punda, nani atajua yuko wapi? Punda wa Amu wote ni rangi moja, kimo kimoja na tabia moja mbovu. Ukimwona amefungwa mlangoni kwa fulani, huenda ni wa mume, huenda ni wa mleta mawe, huenda amejipotelea mwenyewe. Watu hupita, husalimu, huenda zao, na siri ya nyumba hubaki ndani ya nyumba. Lakini hebu mfunge farasi wa kijivu kwenye daka, pale ukumbini mbele ya mlango, tena mwenye shada jekundu la sufu kwenye paji la uso! Kabla ya alasiri mtaa mzima unajua leo bwana yuko kwa mke gani. Hata wachota maji walikuwa wakinishikia hesabu ya zamu zangu.

Na la kuniuma zaidi ni kuwa farasi yule nilimchagua mimi.

Tulikuwa Barawa, mume wangu na mimi, kwa biashara yake ya ngozi na samli. Hina ya arusi ilikuwa haijafifia mikononi mwangu. Mama alilia siku ya safari kana kwamba napelekwa kuzikwa, maana binti wa nyumba za mawe hatembei ovyo. Yeye mwenyewe akitoka alitoka chini ya shiraa, lile hema la nguo ambalo wanawake hulishika kwa vijiti huku na huku, bibi akaenda katikati asionekane hata kisigino. Mimi nikapanda chombo nikaenda nti za watu.

Mume wangu alikuwa akiingia bara kutafuta ng'ombe na samli, nami nikakataa katakata kubaki peke yangu. Akanipandisha ngamia, kwenye kitanda kilichofunikwa mikeka, kama wanavyosafiri wanawake wa huko. Lo! Nilitapika tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Bahari yote ile niliivuka salama, nikaja kushindwa na mnyama wa nchi kavu. Mzee wa Kisomali aliyekuwa akituongoza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniletea farasi wa kijivu.

Msidhani ni farasi warefu wanaong'aa kama wale wa kifalme. Farasi wa nchi ile ni wafupi, mgongo wa huyo wangu ulikuwa sawa na mabega yangu. Mifupa ya nyonga imechomoza, shingo nyembamba, wala huoni uzuri wake mpaka aanze kwenda. Tandiko ni la mbao, limeinuka mbele na nyuma, juu yake wametupa ngozi ya mbuzi. Vikuku vya kukanyagia ni vidogo mno, haliingii ila dole gumba. Unapanda miguu mitupu, dole gumba limeng'ang'ania chuma, na mengine unamwachia Mungu. Farasi alipoanza kwenda matiti, ule mwendo wa kurukaruka, nilimkumbatia shingo nikasoma shahada. Kesho yake nikaiachia shingo. Haukupita muda nikawa napiga shoti ubavuni pa mume wangu, mtandio umeniangukia mabegani, nacheka kama mwendawazimu. Nani wa kuniona? Ugenini hakuna shangazi.

"Kimbia, bibi, nikukamate!" alikuwa akiniambia.

Hakunikamata hata mara moja. Farasi wangu alikuwa mwepesi kuliko wake, na mimi nilikuwa mwepesi kuliko yeye. Jioni tunakaa nje ya hema, vidole vya miguu vimenivimba, ananisugulia kwa samli. Alikuwa wangu peke yangu. Nataka mlielewe hilo, maana baadaye watu walisema nilikuwa na wivu wa bure. Aliyewahi kusuguliwa vidole kwa samli na mumewe ndiye anayejua kama wivu ule ulikuwa wa bure.

Tulipofunga mizigo ya kurudi nikamwambia, huyu wa kijivu simwachi. Akakubali. Tukamfunga kwenye chombo kwa kamba za tumboni, akasimama safari nzima masikio nyuma, akimchukia kila mtu isipokuwa mimi. Amu walimteremsha majini akaogelea mwenyewe mpaka pwani. Alipotoka akajikung'uta, akawalowesha wote waliokuja kumtazama, na watu wakapiga makelele ya furaha. Mume wangu akampanda pale pale, akapita naye mbele ya mji. Mimi nikafunikwa nguo nikapelekwa nyumbani kwetu kwa uchochoro wa nyuma.

Tangu siku hiyo farasi akawa wake. Mimi ningempandia wapi? Binti wa fulani juu ya farasi katikati ya Amu, si ningemuua mama yangu! Nikabaki kusikiliza. Asubuhi nilikuwa nasikia kwato zikishuka vichochoro, zikifika kwenye mchanga zinanyamaza, nami najua sasa anakwenda Shela kwa shoti, maji yanamrukia miguuni, upepo wote ni wake. Nakaa juu kwenye dirisha na roho inaniuma. Akirudi namwuliza, "Alikwendaje?" Anajibu, "Vizuri," basi, neno moja, kama mtu anayekutupia mfupa.

Sijui kama ni hapo tulipoanza kuharibikiwa au ni baadaye. Ninajua kuwa nilianza kumjibu vibaya. Na sisi watu wa nyumba za mawe tuna silaha ambayo wanawake wengine hawana. Kwetu mwanamume haoi akampeleka mke kwake. Baba humpa binti yake nyumba, na mume ndiye anayehamia, na sanduku lake la nguo. Basi kila tulipogombana nilikuwa na neno moja la mwisho: "Hapa ni kwa baba yangu." Alikuwa akinyamaza. Niliona raha sana akinyamaza.

Kisha akaoa mke wa pili. Mashaallah, na huyo naye ni binti wa nyumba ya mawe, mtaa huo huo wa Mkomani, chochoro mbili kutoka kwangu. Naye alipewa nyumba na babake, na mlango wake una nakshi kuliko wangu. Ni mdogo kwangu, mweupe, ana sauti nyembamba ya kudeka. Sikumpenda, sitampenda, na sitasema uongo hapa ili nionekane mwema.

Mume wangu aligawa zamu zake vizuri, mtu wa dini. Lakini macho yangu hayakuwa kwenye zamu, yalikuwa kwenye farasi. Siku za zamu ya yule, farasi anafungwa kwenye daka la yule, na mimi nakaa nikifikiri: nani anampa maji? Anamshika wapi? Je, anajua kuwa hapendi kuguswa sikio la kushoto? Nikawa naona afadhali mume alale huko na farasi arudishwe kwangu. Nilimwambia hivyo mume wangu, akasema, "Wewe hunitaki mimi, unamtaka farasi." Nikamwambia wote wawili nawataka, tena nawataka hapa.

Nikafunga kibwebwe. Kila farasi alipofika kwangu nilimpa tende. Si mabaki, ni tende nzuri za Basra, nimezitoa kokwa mwenyewe. Yule akasikia, akaanza kumpa kashata. Mimi nikaongeza asali. Farasi akanenepa, tandiko likawa halimkai sawa, na mume wangu akafurahi akidhani hali ya hewa ya Amu inamfaa.

Siku moja zamu yangu ikaingia, nasikia kwato, nashuka mbio na tende zangu. Loo, salale! Farasi amepakwa hina. Paji la uso, mkia, na miguu yote minne mpaka magotini, kama bibi arusi. Alisimama kwenye daka langu na urembo wa mke mwenzangu mwilini mwake. Nikamwosha kwa ndimu, kwa majivu, kwa mchanga wa pwani. Hina ni hina. Kila zamu yangu iliyofuata aliniletea hina ile mlangoni, ikififia polepole, na majirani wakipita wanasema, "Kapendeza!" Nilimsukia shada la asumini na rehani nimvike shingoni. Akalila lote kabla sijafunga fundo.

Mjumbe wetu katika vita vile alikuwa msusi, mwanamke mmoja aliyetusuka nywele sote wawili na kubeba maneno huku na huku, akiyatia chumvi njiani. Siku moja ameniinamisha kichwa, chanuo limenikaza, akasema kama mtu anayezungumza habari za mvua:

"Mwenzio asema, Bwana akirudi kutoka shamba husinzia juu ya farasi, akaachia hatamu. Na farasi akiachiwa ndia yake mwenyewe husimama mlangoni kwake yeye. Asema mnyama hana unafiki."

Ningejibu nini, na nywele zangu ziko mikononi mwake? Lakini maneno yale yaliniingia yakakaa. Maana kumwongoza farasi kwa hatamu ni kazi ya zamu, ni sheria. Bali akiachiwa, akenda mwenyewe, huenda alikozoea kupelekwa, anakofurahi aliyempanda. Kama mume wangu alikuwa akimpenda yule kuliko mimi, hakuna mtu duniani angeniambia kweli isipokuwa farasi.

Ndipo nikaanza kuona mambo. Katika siku zangu mwenyewe, mume wangu huondoka baada ya alfajiri, asema anakwenda Kipungani kuangalia minazi yake. Kipungani ni mwisho wa kisiwa na ndia yote ni mchanga. Basi farasi angerudi amelowa jasho, mchanga umemshika magotini. Anarudi mkavu. Anarudi ameshiba, amesuguliwa manyoya yakalala, tende zangu anazinusa tu. Nikasema aha! Kipungani gani hiyo yenye kashata?

"Ulikuwa kwake," nikamwambia mume wangu, "katika zamu yangu."

"Wallahi sikuwa kwake."

"Unakula yamini ya uongo, na hapa ni kwa baba yangu!"

Safari hii alichukua kofia yake akatoka, akamwacha hata farasi. Alikwenda kwa miguu.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Mume wangu alioga, akavaa kanzu nyeupe, akajifukiza udi, akaenda msikitini, na farasi akabaki kwenye daka. Ijumaa wakati wa khutba Amu haina mwanamume njiani, hata mmoja. Vichochoro vimenyamaza, maduka yamefungwa, punda wenyewe wamelala. Nilisimama nyuma ya mlango wangu nikasikiliza ule ukimya, nikasema, leo nitajua.

Nikavaa buibui langu, vazi lililokuwa jipya kwetu wakati ule, nikamshukuru aliyelishona kwa upana. Nikapanda juu ya baraza ya jiwe, nikavua viatu, nikatia dole gumba katika kikuku. Mwili haukusahau. Nikakaa sawa juu ya ngozi ile ya mbuzi, nikazifunga hatamu nikazilaza shingoni mwake, nikaweka mikono mapajani.

"Haya," nikamwambia. "Nenda unakopenda."

Akasimama kidogo, sikio moja mbele, moja nyuma. Kisha akaenda. Akakata kushoto, na kushoto ndiko kwa yule. Chochoro ya kwanza. Chochoro ya pili. Ule mlango wake wenye nakshi ukatokea, na farasi akaenda, akaenda, akaupita! Hakugeuza hata kichwa. Nikainua macho, nikamwona mke mwenzangu dirishani juu, mdomo wazi, ananitazama mimi juu ya farasi. Nilitaka kupiga kigelegele. Nilitaka mtaa wote ufunguke uone. Hakusimama kwako, mwanamke! Kashata zako zote zile, na hina, na hakusimama!

Nilijua sasa atazunguka anirudishe kwangu. Hakuzunguka. Akaendelea kusini, tukatoka Mkomani, tukaingia Langoni kwenye nyumba za udongo na makuti, wanakokaa watu waliokuja Amu siku za karibuni. Vichochoro vikawa vipana, na farasi akaanza kwenda matiti, kisha, Mungu wangu, shoti. Nywele zikanifunguka ndani ya buibui. Kwa muda mdogo sikuwa na wivu na mtu yeyote, nilikuwa bara kule Barawa, na ningepiga kelele za furaha kama si yeye kusimama ghafla.

Alisimama mbele ya ua wa makuti. Akalia, sauti ya chini kifuani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu tumvushe bahari.

"Mbona leo swala imekuwa fupi?" sauti ya mwanamke ikasema ndani, na mlango wa ua ukafunguka.

Alitoka na kata ya maji mkononi, kanga imefungwa kifuani, unga mpaka viwikoni. Hakuwa mtoto wala hakuwa mzee. Nilimkagua kutoka utosini mpaka unyayoni nikitafuta uzuri wa kunieleza jambo lile, sikuuona, na hapo ndipo wivu ulinipanda hasa. Mwanamke mzuri ningalimwelewa.

Aliponiona akarudi hatua moja nyuma, akajivuta kanga kichwani. Kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo, Bi. Karibu."

Alinijua. Mimi simjui, yeye ananijua. Nikashuka. Farasi akampita mlangoni kwa bega kama mtu wa nyumba, akaingia uani, akaweka kichwa chake begani kwa mwanamke yule. Naye akamkuna nyuma ya sikio, sikio la kushoto, na farasi akafumba macho.

"Wewe ni nani kwa Bwana?" nikauliza.

"Nimeolewa, Bi. Kwa ndia ya halali."

"Na nyumba hii ni ya babako?"

"Mimi sina baba, Bi." Akatazama paa, kisha akanitazama mimi. "Ni ya Bwana. Kaijenga mwenyewe. Hata boriti kazikata yeye, na udongo kaukandika kwa mikono yake."

Mume wangu! Ambaye kwangu hakuwahi kupigilia hata msumari, na kikivunjika kitu husema, "Mwambie babako alete fundi." Nikatazama uani. Banda la makuti limejengwa upande wa kivuli, chini mchanga safi, hori la chakula limewekwa sawasawa na kimo cha kifua cha farasi ili asiiname sana. Juu ya kamba imeanikwa kanzu ya kazi, kuukuu, imepakaa udongo. Sikupata kuiona kanzu ile maisha yangu.

Nikashika hatamu nimtoe farasi. Akakaza miguu. Nikavuta, nikamsihi, nikamwita kwa majina ya Barawa. Mwanamke akasema polepole, "Mwache apoe, Bi, atakuumiza." Nikaziachia hatamu, maana machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka ayaone.

Nilirudi kwa miguu, bila viatu, viatu nilivisahau kwenye baraza yangu. Nilipopita ule mlango wa nakshi ulifunguka kidogo, na mke mwenzangu akanong'ona kutoka gizani. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu bila msusi kati yetu.

"Amesimama wapi?"

"Langoni," nikasema. "Kwa mwingine."

"Mimi nilidhani ni kwako," akasema.

"Nami nilidhani ni kwako."

Alifunga mlango taratibu, nami nikaenda zangu.

Watu walikuwa wanatoka msikitini nilipoingia ndani. Nikakaa kwenye kiti cha baba yangu, miguu yangu michafu, buibui sijalivua. Mume wangu akaingia ananukia udi. Alitazama miguu yangu, akarudi mlangoni akatazama daka, akaja tena akasimama katikati ya chumba, kofia mkononi, kama mgeni anayengoja kuambiwa pa kukaa. Na mimi nikamwona hivyo kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa amesimama hivyo miaka yote.

"Farasi yuwapi?" akauliza.

"Yuko nyumbani kwako," nikamwambia.

Hakuuliza ni nyumba ipi.